Dalali wa mashamba anamfanyia kazi nani?

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza amri inayotaja aina 15 za biashara ambazo mtu asiye raia haruhusiwi kuzifanya nchini. Wengi waliipokea kama habari ya Kariakoo, kwa sababu ilianza na maduka ya jumla na rejareja, kisha ikataja uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Lakini ndani ya orodha hiyo kuna mambo mawili yanayomgusa moja kwa moja mtu wa kijijini. La kwanza ni ununuzi wa mazao shambani. La pili ni udalali, ukiwamo udalali wa nyumba na ardhi.

Adhabu zake si ndogo. Asiye raia akikutwa na hatia anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kufungwa hadi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha kuishi nchini. Raia anayemsaidia, kwa mfano kwa kumwazima jina lake, naye anaweza kutozwa faini ya shilingi milioni 5 au kufungwa miezi 3. Serikali ya Kenya ililalamika, ikisema amri hiyo inakwenda kinyume na makubaliano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki. Mjadala ukawa ni wa nani mgeni na nani mwenyeji.

Sisi tunataka kuuliza swali jingine. Dalali anayekuja kijijini kwako kwa bodaboda na kuulizia shamba la kuuza, kwa kawaida ni Mtanzania. Mara nyingi ni mtu wa wilaya yako, pengine wa ukoo wako. Uraia wake tayari unao. Usichokijua ni kwamba anamfanyia kazi nani: wewe mwenye shamba, mnunuzi wa mjini, au mfuko wake mwenyewe. Katika makala haya tunaeleza kazi ya dalali ilivyo siku hadi siku, fedha yake inatoka wapi, na mambo gani yanayomfanya mwenye shamba abaki salama au abaki analia.

Bidhaa ya dalali ni habari

Dalali wa mashamba hana duka wala ghala. Asubuhi yake huanza na simu. Anampigia mwenyekiti wa kitongoji, anampigia dereva wa bodaboda, anampigia fundi anayejenga pembezoni mwa mji. Anauliza nani amefiwa, nani ana mgonjwa hospitalini, nani mwanawe amepata nafasi ya kusoma na ada haijatimia. Hayo yote kwake ni dalili kwamba shamba linaweza kuuzwa. Upande wa pili anapokea simu za watu wa mjini wanaotaka ekari mbili karibu na barabara, au kiwanja kilichopo jirani na shule.

Akishaunganisha pande hizo mbili, anakwenda kuonyesha. Mnunuzi mmoja anaweza kuonyeshwa mashamba sita na asinunue hata moja. Mafuta ya pikipiki ni ya dalali, vocha ni ya dalali. Ndiyo maana wengine hudai hela ya kuzungusha kabla hata hawajaondoka kituoni.

Kwa hiyo dalali hauzi ardhi. Ardhi ni ya kwako. Anachouza yeye ni habari: anajua nani anataka kuuza, nani anataka kununua, na kila mmoja yuko tayari kufika bei gani. Hapo ndipo faida yake ilipo, na hapo ndipo hatari yako ilipo. Katika mauzo yoyote, mwenye habari chache ndiye anayelipa gharama ya yule mwenye habari nyingi.

Chukua mfano wa Dodoma. Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali yote itahamia huko, thamani ya ardhi pembezoni mwa mji ilipanda. Waliokuwa mjini walijua mapema maana ya tangazo lile. Mkulima aliyekuwa na ekari tano za uwele, naye akiendelea kufikiria bei ya ekari kama ya msimu uliopita, aliona bahati imemfikia mlangoni pale alipopewa nyongeza kidogo. Hali ni hiyo hiyo popote inapopita barabara mpya ya lami, reli, bomba au njia ya umeme. Mtu anapokuja kwa haraka kutaka ardhi ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyeiulizia, kuna jambo analojua ambalo wewe hujaambiwa.

Cha juu kinavyofanya kazi

Malipo ya dalali yanayozoeleka sehemu nyingi za Tanzania ni asilimia 10 ya bei ya mauzo. Hayo ni mazoea, si kiwango kilichowekwa na sheria, kwa hiyo mnaweza kupatana chini ya hapo. Kuna dalali anayelipwa na muuzaji, kuna anayelipwa na mnunuzi, na kuna anayechukua kote kuwili. Hata hivyo, kinachowaumiza watu zaidi hakimo katika asilimia hizo. Ni kile ambacho madalali wenyewe wanakiita cha juu.

Tuseme una ekari nne na umemwambia dalali kwamba unataka shilingi milioni 1 na nusu kwa ekari, yaani milioni 6 kwa zote. Dalali anakwenda kwa mnunuzi na kumwambia kila ekari ni milioni 2 na nusu, jumla milioni 10. Mnunuzi anakubali. Dalali anahakikisha hamkutani mkazungumza bei. Kwako anasema mnunuzi ni mtu mkubwa, hapendi maneno mengi. Kwa mnunuzi anasema mwenye shamba ni mzee mkali, akiona gari zuri atapandisha bei.

Siku ya malipo fedha inapitia mikononi mwa dalali. Anakukabidhi milioni 6, kisha anakukata asilimia 10 yake, laki 6. Unabaki na milioni 5 na laki 4. Yeye ameondoka na milioni 4 za cha juu pamoja na laki 6 zako, jumla milioni 4 na laki 6. Karibu nusu ya thamani ya shamba lililolimwa na wazazi wako imeishia kwa mtu aliyelijua kwa wiki mbili.

Sasa tuseme mngekutana, mkapatana milioni 8, na dalali akalipwa asilimia 10 yake waziwazi. Dalali angepata laki 8, fedha nzuri kwa kazi yake. Wewe ungebaki na milioni 7 na laki 2, yaani milioni 1 na laki 8 zaidi. Mnunuzi angeokoa milioni 2. Anayepoteza katika mpango wa wazi ni mmoja tu, na ndiye anayefanya bidii msikutane.

Cha juu kina madhara mengine yanayojitokeza baadaye. Ili mpango usijulikane, mkataba huandikwa milioni 6 wakati mnunuzi ametoa 10. Likitokea tatizo na mauzo yakivunjika, mnunuzi atadai 10, karatasi itasema 6, na wewe utakuwa katikati ukiulizwa fedha ambayo hukuiona.

Watu wengi hudhani jambo hili halina sheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na dalali uliyemtuma akuuzie mali ni wakala wako. Msingi wake ni kwamba wakala hapaswi kujinufaisha kwa siri katika shughuli ya aliyemtuma. Akifanya hivyo, mwenye mali ana haki ya kumdai faida ile. Ugumu ni ushahidi. Kama mlipatana kwa mdomo chini ya mwembe, itakuwa neno lako dhidi ya neno lake. Kama mliandika karatasi moja yenye bei, malipo yake, majina na sahihi, una pa kuanzia.

Ekari ya hatua za nani?

Vijijini ardhi nyingi hupimwa kwa miguu. Kila mkulima anajua kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Lakini hatua ni za nani?

Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Ukitaka mraba wake, kila upande unakuwa na mita 63 na nusu hivi. Maana yake hatua 70 zinatoa ekari sahihi pale tu hatua moja inapokuwa na sentimita 91. Mtu mrefu anayejua anachokifanya anaweza kutembea hatua ya mita moja kamili bila kuonekana anaruka. Hatua zake 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Katika kila ekari amechukua mita za mraba 853 zaidi. Akikupimia ekari kumi kwa mtindo huo, ardhi iliyozidi inapita ekari mbili nzima. Umeuza kumi, umelipwa kumi, umetoa kumi na mbili.

Dawa yake ni rahisi. Nunua au azima futi kamba ya mita 50. Kipande cha mita 64 kwa 64 ni ekari moja na ziada ndogo sana. Siku hizi pia kuna programu za simu zinazopima eneo kwa kuzunguka mipaka. Hazimfikii mpima ardhi mwenye vifaa, lakini zinatosha kukuonyesha kama unapunjwa. Kama shamba ni kubwa au bei ni nzito, gharama ya mpima ardhi aliyesajiliwa ni ndogo kuliko ekari mbili.

Wakati wa kupima, majirani wote wa mpakani wawepo. Minyaa, mkonge na vigingi vya mti huonyesha mpaka kwa anayeujua, lakini mnunuzi mgeni haujui. Migogoro mingi ya mipaka huanza siku ile dalali alipoonyesha mpaka kwa kunyoosha kidole akiwa amekaa juu ya pikipiki.

Muhuri si kikao

Sasa tuje kwenye jambo ambalo dalali mwenye haraka hulirukia. Tanzania ina makundi matatu ya ardhi: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji na ardhi ya jumla. Shamba lako lililoko ndani ya mipaka ya kijiji liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Chini ya sheria hiyo, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na kumuuzia mtu shamba la kimila kunahitaji idhini yake.

Halmashauri ya Kijiji si mwenyekiti peke yake, wala si mtendaji peke yake. Ni chombo chenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, kinachokaa kikao na kuandika muhtasari. Dalali anayekuambia kwamba amemalizana na mwenyekiti na muhuri upo, anakuonyesha muhuri tu. Mahakama za Tanzania zimekwisha kutamka katika mashauri mbalimbali kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili. Mnunuzi anaweza kuwa amelipa, amejenga na amepanda miti, na bado akaambiwa hakununua kitu. Na muuzaji aliyekwisha kula fedha anatakiwa kuirudisha.

Tofautisha pia shamba la familia na ardhi ya kijiji kizima, kama malisho, msitu wa kijiji au eneo lililotengwa. Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Mkutano Mkuu ni watu wazima wote wa kijiji. Kwa hiyo dalali akija na mwekezaji anayetaka eneo la malisho, na mazungumzo yakafanyika ofisini kwa watu watano, hapo hakuna mauzo halali hata kama soda zilinywewa.

Kuna suala la fedha za ofisi pia. Vijiji na mitaa mingi hudai asilimia fulani ya bei pale ardhi inapouzwa. Kanuni ya kujilinda ni moja: fedha yoyote inayolipwa ofisini iwe na stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi si ada, na haitakusaidia lolote siku ya kesi.

Kama mnunuzi si raia, simama hapo hapo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hilo lina taratibu zake za kitaifa. Mpango wa kuandika jina la mwenyeji huku mwenye fedha akiwa mgeni ni mtego kwa pande zote mbili.

Mke, watoto na marehemu

Madalali waliokaa muda mrefu katika kazi hii wana somo moja wanalokubaliana: swali la kwanza kwa mwenye shamba si bei. Ni je, nyumbani wanajua?

Baba anaweza kuwa ndiye anayetambulika kama mwenye shamba, lakini mama ndiye analilima na watoto ndio wanalitegemea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa shamba lililopatikana au kuendelezwa kwa nguvu za wote wawili, mwenzi aliyefichwa ana nafasi ya kwenda kudai haki yake. Dalali makini huomba kumwona mke au mume, humsikiliza, na huhakikisha anaweka sahihi au dole gumba akiwa anaelewa. Dalali mbabaishaji husema mambo ya wanawake hayamhusu. Miezi michache baadaye hupigiwa simu kutoka polisi.

La marehemu ni zito zaidi. Baba amefariki, watoto saba wamebaki, na kaka mkubwa anataka kuuza kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Ukubwa haumpi mamlaka hayo. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za vijijini safari hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi naye si mrithi wa peke yake, anasimamia kwa niaba ya warithi wote. Ukinunua kwa kaka mkubwa bila barua ya mahakama, umenunua ugomvi wa watu saba. Na ukiwa wewe ndiye dada uliyeolewa kijiji cha mbali, jua kwamba kuolewa hakujakufuta katika familia yako. Shamba likiuzwa bila wewe kujua, una pa kwenda.

Pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na angalau watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, limebaki na kazi ya usuluhishi na lina siku 30 za kuifanya. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda mbele kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikubali kuambiwa usubiri mwaka mzima kwenye kata.

Dalali naye ana kilio chake

Itakuwa si haki kumaliza bila kusikiliza upande wa pili. Dalali mkweli anafanya kazi ngumu na anadhulumiwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Dhuluma ya kwanza ni kuzungukwa. Anamleta mnunuzi, anaonyesha shamba, kisha muuzaji na mnunuzi wanabadilishana namba nyuma ya kichaka na kumalizana wenyewe. Yeye anasikia wiki mbili baadaye kwamba shamba limeuzwa. Madalali wengi husema hii ndiyo sababu wanaficha pande mbili zisikutane. Tunaielewa hofu hiyo, lakini dawa yake ni karatasi ya makubaliano kabla ya safari ya kwanza. Ikiandikwa kwamba huyu ndiye aliyemleta mnunuzi, na atalipwa kiasi fulani mauzo yakifanyika, hana sababu ya kuficha mtu.

Dhuluma ya pili ni lawama. Mwenye shamba akiuza shamba lile lile mara mbili, wanunuzi wote wawili humtafuta dalali kwanza, kwa sababu ndiye wanayemjua sura. Kama hakuhoji umiliki, hakuonana na majirani na hakufika ofisi ya kijiji, atakuwa hana cha kujitetea nacho. Kwa hiyo taratibu tulizozieleza hapo juu zinamlinda yeye pia. Dalali anayezifuata huuza mashamba machache kwa mwaka, lakini wanunuzi wake humrudia na kumletea wengine.

Ya tatu ni simu. Zamani dalali alijulikana kijiweni. Leo mtu yeyote anaweza kuchukua picha ya shamba kutoka kundi la WhatsApp, akaiweka kwenye Facebook kwa jina lake na kuomba fedha ya kushikilia kabla wengine hawajawahi. Shamba halipo, au lipo lakini si lake kuuza. Fedha ya kushikilia ikishatumwa kwa simu, namba huzimwa. Usitume hata shilingi kwa ardhi ambayo hujaikanyaga na ambayo majirani zake hujawauliza.

Nini kinakosekana

Kenya ina sheria maalum ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Hilo halijamaliza utapeli huko, maana wapo wengi wanaofanya kazi bila kusajiliwa, lakini mwananchi ana orodha anayoweza kuuliza kama jina fulani limo au halimo. Kwetu mtu wa kijijini anayeletewa dalali mlangoni hana orodha ya namna hiyo mkononi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2016 inayosimamia wathamini na usajili wao, na Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua toleo jipya la Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995. Amri ya Julai 2025 ikaongeza jambo moja: nani hapaswi kuwa dalali kwa sababu ya uraia wake. Haimfundishi dalali raia chochote kuhusu kikao cha kijiji, ridhaa ya mke au cha juu.

Kwa maoni yetu, ulinzi mkubwa zaidi unaweza kuanza kijijini kwenyewe, bila kusubiri Dodoma. Halmashauri ya Kijiji inaweza kuweka daftari la madalali wanaofanya kazi katika eneo lake, kila mmoja na namba yake ya kitambulisho cha taifa. Inaweza kuandika katika muhtasari bei halisi ya kila shamba linalouzwa, ili jirani anayetaka kuuza mwakani ajue ekari ilikwenda kwa kiasi gani. Inaweza kukataa kujadili mauzo yoyote mpaka muuzaji, mwenzi wake na mnunuzi wawe wamekaa katika chumba kimoja na bei ikatajwa kwa sauti. Hatua hiyo moja inaua cha juu.

Na wewe msikilizaji, kabla hujamwambia dalali bei, fanya mambo haya kwa mpangilio. Zungumza nyumbani kwanza. Uliza majirani wawili watatu waliouza karibuni walipata kiasi gani. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, na ikiwezekana kwa ofisa ardhi wa wilaya, uulize kama kuna mpango wa upimaji, barabara au mradi katika eneo lako. Pima shamba kwa futi kamba majirani wakiwepo. Kama huna hatimiliki ya kimila, uliza utaratibu wa kuipata, kwa sababu shamba lenye hati lina nguvu zaidi mezani. Ndipo uandikiane na dalali: bei yako, malipo yake, na kwamba utakutana na mnunuzi ana kwa ana. Uliza ofisi ya TRA kama mauzo yako yana kodi, usije ukashtukizwa fedha ikiwa imekwisha. Kikao cha kijiji kikae, muhtasari uandikwe, upewe nakala. Fedha iingie benki au kwenye simu yako kwa jina lako, isipitie mkononi mwa mtu. Mkataba utaje bei ile ile iliyolipwa.

Dalali anayekubali mambo hayo yote, mlipe kwa roho safi, kwa maana ameifanya kazi yake. Anayekasirika na kusema unachelewesha, mnunuzi atakimbia, mwache aende na mnunuzi wake. Shamba halina miguu, kesho litakuwepo pale pale.